Coolpix P1100: Milimita 3,000 za Kuwatazama Wageni wa Kaskazi

Milimita 3,000! Katika kamera moja inayoning'inia shingoni, isiyo na lenzi ya kubadilisha wala mkoba wa vifaa vya ziada, milimita elfu tatu kamili. Wapenda ndege, kaeni vizuri, maana habari ninazo na sijui nianzie wapi.

Nianze na tope. Hori ya Mida, pale karibu na Watamu, maji yakikupwa huacha uwanda wa tope na mchanga ambao jicho haliufikii mwisho. Ndege wapo, tena wengi, ila wako mbali: madoa meupe, madoa ya kijivu, madoa yanayokimbia. Miaka yote tumezoea kuwachungulia kwa darubini, kubishana ni nani yule, kisha kurudi nyumbani na picha ya doa. Safari hii nimeielekeza Nikon Coolpix P1100 kwenye doa mojawapo jeupe, nikavuta. Doa likawa ndege. Nikazidi kuvuta. Ndege akawa na miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi, na mgongo mweusi uliozungukwa na weupe mtupu. Nikazidi. Mdomoni mna kaa, na kaa yule bado anapigapiga miguu! Na kamera haijafika mwisho. Bado ina nafasi ya kuvuta!

Nimekuwa nikipiga picha za ndege na wadudu wa huku kwetu kwa muda mrefu, na nimeshika kamera za kila aina, zangu na za kuazima. Sijawahi kushika kifaa kilichonifanya nicheke kwa sauti peke yangu katikati ya mikoko. Hiki kimenichekesha.

Ni kitu gani hasa?

Wengi mnamjua kaka yake, P1000, iliyotoka mwaka 2018 na kuvuma dunia nzima kwa video zake za mwezi, zile ambazo mtu anaanza na paa la nyumba na kuishia kwenye mashimo ya mwezini. P1100 ilitangazwa Februari 2025 ikiwa na lenzi ya ukoo uleule: kuanzia milimita 24 hadi 3,000 kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, yaani zumu ya mara 125. Hiyo ni zumu ya vioo vyenyewe, haikuchanganywa na ujanja wa kupanua picha kidijitali.

Inawezekanaje? Urefu halisi wa lenzi ni milimita 4.3 hadi 539. Kazi iliyobaki inafanywa na sensa, ambayo ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, takriban milimita 6 kwa 4.6. Sensa ndogo hunasa kipande kidogo tu cha taswira inayoletwa na lenzi; kipande hicho kikijaza picha nzima, kitu huonekana kimesogezwa mbele yako. Sensa hiyo ina megapikseli 16, inatoa faili za JPEG na za RAW, na inarekodi video za 4K. Kwa kamera yenye sensa kubwa, lenzi ya kufika umbali huo ingebebwa kwa gari.

Jipya la kufurahisha ni tundu la USB-C. Ndiyo, waya uleule wa simu yako! Mtu anayelala kwenye hema ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke anajua maana yake: betri ya akiba ya simu, au paneli ndogo ya sola, sasa inalisha na kamera pia. Nikon wanaikadiria betri kwa picha zipatazo 250, na kwa ndege wa Mida hizo zinaisha kabla maji hayajaanza kujaa. Chukua betri ya pili bila kufikiria mara mbili.

Mkononi

Ina uzito wa kilo 1.4, na huo unausikia. Lakini mshikio ni mnene, umejaza kiganja, na mkono wa kushoto hukaa wenyewe chini ya lenzi. Lenzi ikivutwa mpaka mwisho hujitokeza mbele kama bomba, na kila mtoto aliyeko karibu huja kuuliza kama tunatazama Zanzibar. Kioo cha nyuma hugeuka kila upande, hivyo unaweza kuiweka kamera chini kabisa, usawa wa macho ya kitwitwi, bila kulala kifudifudi topeni. Na kwa wanaopenda kuchungulia, kuna kitundu cha kielektroniki kilicho angavu hata jua likiwa la saa saba.

Sasa naomba nikueleze kuhusu kitufe kimoja. Kiko ubavuni mwa lenzi, chini ya kidole gumba cha mkono wa kushoto, na bila hicho milimita 3,000 zingekuwa mateso. Umbali huo una tabia moja mbaya: ndege akisogea hatua mbili, amepotea, na mbele yako limebaki tope tupu lisilo na alama. Hujui ameenda kulia au kushoto. Basi unabonyeza kitufe kile: lenzi inarudi nyuma mara moja, uwanda unafunguka, na fremu ndogo inakuonyesha mahali ulipokuwa ukitazama. Unampata ndege, unamwingiza ndani ya fremu, unaachia kidole, na lenzi inakurudisha kulekule ulikokuwa. Alikula kaa nikiwa naye. Akaruka. Nikabonyeza. Nikampata tena. Laiti kila kamera ingekuwa na kitufe hiki!

Kwenye gurudumu la modi kuna alama ya ndege kabisa: ukiizungusha hapo, kamera inajipanga yenyewe kwa ajili ya kutazama ndege. Anayeanza leo aanzie hapo. Mzoefu atahamia kwenye S na kuchagua kasi ya shata mwenyewe.

Hesabu za topeni

Kwa nini umbali huu ni jambo kubwa kwetu? Piga hesabu nami. Ndege akiwa mita 70 kutoka ulipo, lenzi ya milimita 600, ambayo wapiga picha wengi wa wanyama wanaiona ndiyo kilele, inakupa fremu yenye upana wa mita nne na kitu. Ndani yake mla-kaa, yule mweupe niliyeanza naye, mwenye urefu wa sentimita 40, ni kitu kidogo katikati. P1100 kwenye mwisho wake inakupa fremu ya sentimita 84. Ndege huyohuyo anachukua karibu nusu ya upana!

Na kwa nini mita 70? Kwa sababu kwa umbali huo hajali habari zako. Anaendelea kula. Ndege wa pwani wana saa chache tu za maji kupwa za kujaza matumbo, na wale wanaojiandaa kurudi kaskazini mwezi wa Machi na Aprili wanahitaji kila gramu ya mafuta wanayoweza kuiweka. Kila mara tunapowanyatia na kuwarusha tunawaibia chakula. Kamera hii imeondoa sababu ya kunyatia. Kaa ulipo, keti, acha waje.

Huyu mla-kaa, kwa wasiomfahamu, ni mgeni wa ajabu. Anazaliana kando ya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, kisha anatushukia hapa kuanzia Agosti na kubaki mpaka Aprili. Kati ya ndege wote wa jamii ya vitwitwi na wenzake, ni yeye pekee anayechimba handaki mchangani na kutaga humo. Hutaga yai moja jeupe, na mchanga uliopashwa moto na jua humsaidia kulipa joto. Makinda wake hubaki wakitegemea wazazi muda mrefu kuliko kawaida ya ndege wa aina hiyo, hata wanapofika huku.

Hilo nilikuwa nikilijua kwa kusoma. Sasa nimeliona kwa macho! Kijana, mgongo wake wa kijivu badala ya mweusi, amejikunyata mbele ya mkubwa, shingo imeingia mabegani, mdomo wazi. Mkubwa ana kaa. Anamgonga kaa topeni, mguu mmoja unang'oka, anamgonga tena. Kijana anasogea hatua moja. Mkubwa anageuka kidogo, kana kwamba hajaamua. Halafu anamwachia. Yote hayo katika video ya 4K, ndege wawili wamejaza fremu, nami nimeketi kwenye jukwaa la mikokoni wala hawajanitupia jicho.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa akipita na ndoo yake ya chambo, akasimama.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Unatazama nini huko mbali?”

Nikamgeuzia kioo. Akainama, akakaza macho, akanyamaza kitambo.

“Huyu ndiye anayepiga makelele usiku kucha, sisi tukiwa mitegoni?”

“Ndiye huyohuyo, mzee.”

“Basi leo nimemjua sura. Sauti yake naijua tangu utotoni.”

Na ni kweli, mla-kaa hula na kupiga kelele hata usiku wa manane. Mzee yule amekaa naye hori moja maisha yake yote, na hakuwahi kupewa njia ya kumwona usoni. Hapo ndipo nilipoielewa kamera hii hasa ni ya nani. Watalii wa Tsavo wana magari yanayowasogeza hadi mita kumi kutoka kwa simba. Sisi wa pwani viumbe wetu wako mbele ya macho kila siku, ng'ambo ya tope, juu ya mnazi, katikati ya dimbwi, na tumewakosa kwa sababu ya mita hamsini tu za njiani. P1100 imezifuta mita hizo.

Miguu yenye pete

Halafu kuna pete. Shirika la A Rocha Kenya, lenye kituo chake Watamu, kwa miaka mingi limekuwa likinasa ndege wa Mida kwa nyavu, kuwapima, kuwavisha pete miguuni na kuwaachia. Pete ikisomwa baadaye, ndege yule anakuwa na historia: alikuwa hapa mwaka fulani, ana uzito fulani, amerudi. Shida ni kuisoma. Kwa darubini unaona tu kwamba mguuni kuna kitu.

Nilipomwona kitwitwi mwenye pete, moyo ulinienda mbio. Nikaiweka kamera juu ya ukingo wa jukwaa, nikazuia pumzi, nikapiga mfululizo. Nyumbani, kwenye kompyuta, herufi zilisomeka. Herufi za mguuni mwa ndege anayetosha kiganjani, zimesomwa kutoka mbali bila kumgusa wala kumtisha! Vitwitwi wa mchangani huja kwetu kutoka milima na majangwa ya Asia ya Kati. Kila herufi iliyosomwa Mida ni kamba inayoifunga hori yetu na nyanda hizo.

Wadudu? Ndiyo, hata wadudu!

Hapa ndipo nilipokuwa na wasiwasi, na hapa ndipo kamera iliponishangaza kupita kote. Mtu hununua zumu ndefu kwa ajili ya ndege, halafu kwa wadudu anatafuta lenzi nyingine. Lakini tazama: P1100 ikiwa imevutwa hadi mwisho inaweza kufokasi kitu kilicho mita 7 mbele yako. Kwa umbali huo upana wa fremu ni sentimita 8.4. Sasa nitajie mdudu mwenye upana wa mabawa wa kiasi hicho.

Kereng'ende! Yule wa rangi ya dhahabu anayetujia kwa makundi wakati wa vuli, anayezunguka juu ya viwanja vya mpira na barabara za vumbi baada ya mvua. Wataalamu humwita Pantala flavescens. Kila mtoto wa pwani amemkimbiza. Na msafiri huyu ana kisa kinachowatia watu kizunguzungu: mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, alichapisha hoja kwamba kereng'ende hawa huvuka Bahari ya Hindi kutoka India, kupitia Maldivi na Shelisheli, wakibebwa na pepo za juu, hadi Afrika Mashariki. Huku kwetu hutaga kwenye madimbwi ya mvua, na lava wao hukomaa kwa wiki zipatazo sita tu, kabla dimbwi halijakauka. Mzunguko mzima wa kwenda na kurudi hukadiriwa kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000, na huchukua vizazi vinne. Kozi wa Amur, ambao nao huvuka bahari hiyo kutoka India wakati uleule, hudhaniwa kuwala njiani.

Ukijaribu kumsogelea mchana, huna bahati. Anaruka kutwa nzima. Lakini jioni hujining'iniza kwenye kijiti, wima, mkia chini. Nilirudi nyuma hatua saba kubwa, nikafungua stendi ya miguu mitatu, nikavuta hadi mwisho. Mabawa manne yakaijaza fremu kutoka ukingo hadi ukingo! Mishipa ya bawa ilionekana mmoja mmoja, vijichumba vyake vyote. Karibu na ncha ya kila bawa kuna doa dogo la rangi. Doa hilo ni zito kidogo kuliko sehemu zinazolizunguka, na huzuia bawa lisitetemeke mdudu anaponyiririka hewani. Bawa la nyuma limepanuka sana kwenye shina, na ndilo linalomfanya aelee na upepo badala ya kuchoka kwa kupiga mabawa. Mwili wa sentimita nne na nusu uliovuka bahari! Na nilikuwa mbali kiasi kwamba hakutikisa hata mguu.

Kwa vidogo zaidi, rudisha lenzi kwenye upana, washa modi ya karibu, na unaweza kusogea hadi sentimita moja kutoka kwa kitu. Nimepiga hivyo vunjajungu juu ya jani la mkorosho na siafu wakivuka kijia. Inafanya kazi, ila kwa ukaribu huo lenzi yenyewe hutia kivuli, na mdudu hukimbia. Mimi nimeshaamua: kwa kipepeo, nyigu na mbawakawa, nasimama mbali na kuvuta. Picha ni tulivu zaidi, mandhari ya nyuma hulainika vizuri, na mdudu anaendelea na shughuli zake.

Jioni ya walanyuki

Msimu wa kaskazi, jioni, walanyuki wekundu hukusanyika kulala kwenye mikoko ya Mida. Hawa huzaliana kaskazini mwa ikweta, katika ukanda unaotoka Senegali hadi Pembe ya Afrika, na wengine hushuka pwani yetu wakati huu. Wakija kwa makundi, wekundu wao dhidi ya kijani cha mikoko, watu waliozoea kutembea bila kuinua kichwa husimama. Nilimpata mmoja juu ya tawi kavu na nyuki mdomoni, akimpigapiga na kumsugua kwenye tawi ili kutoa sumu ya mwiba kabla ya kumeza. Koo la buluu-kijani, jicho jekundu, chembe za vumbi zikiruka kutoka kwenye tawi kwa kila pigo. Nimepiga kelele. Sikujizuia.

Hapohapo pia nimeona mipaka ya kamera, na lazima niiseme kwa sababu naipenda. Lenzi ikiwa mwishoni, tundu lake ni f/8, na sensa ni ndogo. Jua likishazama, kamera hupandisha ISO, na manyoya huanza kujaa chembechembe. Dawa ni kupunguza tamaa: rudi hadi milimita 1,000, tundu litafunguka zaidi, mwanga utaongezeka. Ndani ya Arabuko-Sokoke, chini ya miti, ndivyo hivyo mchana kutwa. Ukipelekwa na mwongozaji kumwona bundi mdogo wa Sokoke aliyelala kichakani, usitegemee milimita 3,000 zikupe kitu kisafi. Kuwa karibu kiasi, tumia stendi, na shata ya polepole. Bundi aliyelala hatikisiki.

Ndege anayeruka? Hapana. Fokasi yake haifuati jicho la ndege namna zinavyofanya kamera kubwa za leo, na mfululizo wake ni picha 7 kwa sekunde moja, kisha inatulia kuandika kwenye kadi. Ukitaka mbayuwayu angani, tafuta kifaa kingine. Hii ni kamera ya kiumbe aliyetua, anayekula, anayelisha, anayejisafisha. Na maisha mengi ya kiumbe yako hapo!

Mambo ya kujua kabla hujatoka

Adui mkubwa wa milimita 3,000 ni joto. Jua likipanda, hewa juu ya tope huanza kucheza, na picha yoyote ya mbali hutetemeka kana kwamba imepigwa ndani ya maji. Hakuna lenzi duniani inayotibu hilo. Toka alfajiri, piga mpaka saa tatu asubuhi, pumzika, rudi saa kumi jioni. Chagua siku ambayo maji yanajaa asubuhi, kwa sababu yanapojaa huwasukuma ndege wote kuelekea kwako.

Zima zumu ya kidijitali siku ya kwanza na uisahau. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/500 ukishika kwa mkono, ingawa kizuia-mtikisiko cha ndani kinasaidia kuliko nilivyotegemea. Kwa ndege aliyetulia nimepata picha safi hata chini ya hapo, nikiegemea nguzo. Stendi ya mguu mmoja inatosha kwa kazi nyingi. Ukiwa na stendi ya miguu mitatu, tumia kipima-muda cha sekunde mbili, maana hata kubonyeza kwa kidole kunaitikisa kamera. Piga RAW kwa ndege muhimu tu, kwa kuwa uandishi wake kwenye kadi ni wa polepole.

Na tafadhali, kamera inayokupa umbali isiwe kisingizio cha kusumbua kwa njia nyingine. Usipige sauti ya ndege kwenye simu ili aje. Usikate tawi linaloziba kiota. Subiri.

Bei, na nani anunue

Marekani ilitoka kwa dola 1,099.95, yaani zaidi ya shilingi 140,000 za Kenya kabla ya usafiri na ushuru. Si hela ndogo hata kidogo. Lakini weka kando yake lenzi ya Nikon ya Z 180-600, ambayo ni nzuri mno: ilizinduliwa kwa dola 1,699.95, ina uzito wa karibu kilo mbili, na bado hujanunua kamera ya kuifunga. Mwenye uwezo wa seti hiyo atapata picha bora zaidi, hasa kwenye mwanga hafifu na kwa ndege wanaoruka. Hilo halina ubishi. Hatapata mita 70. Hatapata kereng'ende kwa hatua saba. Na hatakuwa na vyote viwili katika kifaa kimoja shingoni.

Mwenye P1000 inayofanya kazi asikimbilie dukani. Vioo ni vilevile, na mabadiliko ni madogo. Anayeanza, au anayetoka kwenye simu, au aliyechoka kurudi na madoa, huyu ndiye ninayemshika mkono na kumwambia: nunua, tena sasa, kabla kaskazi haijaisha.

Ila kuna mnunuzi mmoja ninayemtaka kuliko wote: kikundi. Njia ya mbao ndani ya mikoko ya Mida, na kibanda cha kutazamia ndege, ni sehemu ya mpango wa ASSETS, ulioanza 2001, ambamo ada za wageni hulipia karo za sekondari za watoto wanaoishi kuzunguka Arabuko-Sokoke na Mida. Ndege tayari wanasomesha watoto wetu. Nairobi nako kuna matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, ambayo Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971, na watu wengi waliingia kwenye elimu hii kwa kuazimwa tu darubini. Sasa fikirieni shule moja, au kikundi kimoja cha vijana wa ufukweni, chenye P1100 moja ya pamoja.

Kazi ya kuwapa ipo na inasubiri. Kenya Bird Map imeigawa nchi katika vipande vya takriban kilomita 9 kwa 9, na inamtaka yeyote aingie kwenye kipande chake, atazame kwa saa mbili au zaidi, aandike kila ndege anayemwona. Vipande vingi vinahitaji macho ya wenyeji. Kereng'ende na vipepeo wana iNaturalist, ambako picha iliyo wazi hutambuliwa na wajuzi kutoka kila pembe ya dunia. Kotekote kinachotakiwa ni ushahidi unaoonekana, na mpaka sasa ushahidi huo umetoka zaidi kwa wageni wenye lenzi ndefu kuliko kwa waliozaliwa hapa.

Kwa hiyo changeni. Nunueni moja, wekeni ratiba ya kuishika kwa zamu, na mkiona pete mguuni isomeni na muitume. Milimita 3,000 zimefika mikononi mwetu, na walanyuki wako mikokoni hivi sasa!